Mzee Majira na Simu Isiyofunguka

Kibanda cha Mzee Majira kilikuwa chembamba kama kabati. Ukuta mmoja ulijaa saa za kutundika, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Ukimwuliza saa ngapi, hakuangalia ukutani. Aliangalia saa yake ya mkononi, kisha akaiangalia tena, kana kwamba hata hiyo ingeweza kumdanganya.

Alikuwa mtu wa shaka. Shaka ilikuwa sehemu ya kazi yake ya ufundi saa. Mteja alimwambia saa imesimama yenyewe tu, naye akaifungua akakuta maji ya sabuni. Mwingine aliapa kwamba saa yake haijawahi kuguswa, naye akakuta skrubu zimechubuliwa kwa kisu cha jikoni. Alikuwa amezeeka na kioo cha kukuzia jichoni, na maneno ya watu hayakumwingia tena. Aliamini kilichomo chini ya mfuniko, basi.

Ndiyo maana nyumbani kwake palikuwa na desturi moja. Kitu kipya hakikutumiwa kabla hakijafunguliwa. Pasi, redio, feni, hata kufuli. Mzee Majira alikaa nacho mezani, akakifungua, akachungulia ndani, akakifunga. Ndipo kikawa kitu cha nyumba. Siku ya harusi yao waliletewa birika la umeme, na bibi harusi alisubiri chai mpaka kesho yake.

Bibi harusi yule sasa alikuwa mwenye mvi, na watu walimwita Mama Mikanda. Alifanya kazi pale pale kibandani. Alikata mikanda ya saa, akaishona, akaitoboa matundu kwa kitoboleo. Mkono wake haukukosea. Matundu yake yalisimama mstari mmoja kama watu kwenye foleni.

Siku moja mkono ukakosea. Tundu moja lilikwenda huku, jingine kule. Mzee Majira akacheka, akamwuliza kama anatoboa mkanda au anatoboa chujio. Hakujibiwa. Alipoinua macho alimwona mkewe ametota jasho, anamtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akateleza kutoka kwenye kiti.

Hospitalini walisema sukari imeshuka mno. Mama Mikanda alikuwa na kisukari tangu zamani na alijidunga insulini kila siku. Lakini safari hii hata mwenyewe hakuhisi mwili ukibadilika. Daktari aliwaambia wazi kwamba mara nyingine mtu anaweza asiamke.

Watoto wao, wote wakiwa mbali kikazi, wakashauriana. Wakawaletea wazazi simu mpya ya Android pamoja na kidude cha kupimia sukari. Kidude kilikuwa kidogo kama kifungo cha koti. Kilibandikwa nyuma ya mkono wa Mama Mikanda, juu ya kiwiko, na kilizungumza na simu bila waya. Sukari ikianza kushuka, simu ilipiga kelele. Na kule kliniki, muuguzi aliziona namba zile zile kwenye kompyuta yake.

Mama Mikanda alifurahi. Mzee Majira aliigeuza simu, akaitafuta skrubu. Juu hakuna, chini hakuna, pembeni hakuna. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wote, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Binti yao alimwambia kwenye simu, "Baba, usiifungue. Ina waranti ya mwaka mzima. Ikiharibika yenyewe, wanaitengeneza bure."

"Mwaka mzima," Mzee Majira alisema, "wa kunificha kilichomo."

Basi shaka ikaanza. Akaona kwamba simu ilikuja na programu ambazo hakuna aliyeziomba. Kulikuwa na mchezo wa peremende, duka la kuuzia nguo, na habari za watu wasiowajua. Akajaribu kuufuta ule mchezo. Simu ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Kitu kiko kwenye nyumba yake, kimenunuliwa na watoto wake, na kinamkatalia.

Kisha yakaja matangazo. Asubuhi moja alikuta picha ya chupa ya kijani na maneno makubwa: *Ponya kisukari kabisa kwa majani haya.* Mzee Majira akaganda. Nani aliiambia simu kwamba nyumba hii ina kisukari? Siku nyingine walizungumza jikoni juu ya godoro lao lililobonyea. Haukupita muda, tangazo la magodoro likatokea.

Tangu hapo alianza kunong'ona nyumbani kwake mwenyewe. Wakitaka kuzungumza jambo la ndani, aliifunga simu kwa taulo na kuitia kabatini.

"Na ikilia, tutaisikiaje?" mkewe aliuliza.

Mzee Majira aliitoa kabatini, lakini taulo aliliacha.

Jirani yake wa kibandani alikuwa fundi redio, mwenye maneno mengi na vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuchomelea. Watu walimwita Kapasita. Aliisikiliza habari yote ya matangazo huku akitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuujua ugonjwa.

"Hiyo simu si yako, mzee," alisema. "Wewe umepangishwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma wamekifunga, na ufunguo wanao wao."

"Wao nani?"

"Waliotengeneza. Tuiruti."

Akamweleza maana yake. Kuiruti simu ni kuvunja kufuli la ndani lililowekwa na kiwanda na kujipa ufunguo mkuu. Ukiwa nao unafuta mchezo wa peremende na unafuta duka. Unaona kila kitu kinachofanyika chini kwa chini. Ya kwake mwenyewe aliiruti zamani, na aliitoa mfukoni kuonyesha. Ilikuwa imepasuka kioo pembeni, lakini ndani ilikuwa safi, haina tangazo hata moja.

Maneno hayo yalimwingia Mzee Majira kama maji ya baridi. Hatimaye mtu anazungumza lugha yake. Kitu kifunguliwe, kichunguliwe, kifungwe. Lakini mtu wa shaka hana likizo. Aliuliza programu ya kuvunjia hilo kufuli inatoka wapi. Kapasita akasema ipo kwenye intaneti, bure. Nani kaitengeneza? Mtu mmoja, ana jina lake la huko. Kapasita anamjua? Hapana, ila huko anajulikana.

"Kwa hiyo wale wa kiwandani siwajui," Mzee Majira alisema polepole, "na huyu naye simjui."

"Huyu ni mwenzetu," Kapasita alisema.

Wakapatana kuifanya kazi hiyo Jumamosi jioni, wateja wakishapungua.

Mama Mikanda alisikia yote akiwa ameinamia mkanda. Hakubisha. Alisema tu kwamba kabla hawajaigusa, waulize kwa yule binti wa ghorofa ya tatu. Binti huyo aliishi jengo moja nao, na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu kwenye kituo cha huduma cha kampuni ile ile.

"Yule?" mumewe akasema. "Yule anakula mshahara wao. Atasema nini?"

"Utasikia atakachosema. Kisha utamshuku, kama kawaida yako."

Siku ya Ijumaa alikuja kibandani mteja mmoja mwenye suti, akaweka saa juu ya meza. Alisema saa hii Mzee Majira aliitengeneza majuzi na aliahidi kwamba ikisumbua ataitazama bure. Sasa imesimama.

Mzee Majira aliigeuza. Hapo alikuwa na alama yake. Kila saa aliyoitengeneza aliitia tone dogo la rangi nyekundu ya kucha, pale mfuniko unapokutana na mwili wa saa. Rangi aliiomba kwa mkewe, na chupa moja ilimtosha miaka. Tone likiwa zima, hakuna aliyefungua. Tone hili lilikuwa limepasuka katikati.

"Imefunguliwa," alisema.

Mteja alisema hapana, hakuifungua, aliitazama tu kidogo. Shemeji yake ana mkono mwepesi. Na hata hivyo, saa ni yake.

"Saa ni yako kweli," Mzee Majira alisema. "Ungeweza hata kuitupa mtoni. Lakini ahadi ilikuwa yangu, na ahadi yangu ilikuwa juu ya saa niliyoifunga mimi. Hii kaifunga shemeji yako. Sijui mkono wake umegusa nini humu."

Mteja aliondoka amenuna. Mama Mikanda alitoboa tundu moja, akalitazama, akatoboa la pili.

"Umemjibu vizuri," alisema.

Mzee Majira alimtazama kwa pembe ya jicho. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu, na sifa za mkewe zilikuwa na tabia ya kuja na bili nyuma.

"Sasa nasubiri kusikia utakavyojibiwa wewe," mkewe akamaliza.

Jioni ile walipanda ghorofa ya tatu. Ngazi zilimchosha Mama Mikanda, wakapumzika kila kona. Mzee Majira alishika simu mkononi, imefungwa taulo.

Binti aliwafungulia akiwa bado na sare ya kazi. Akawaamkia, akawapisha kwenye viti, akaliona taulo. Akauliza kwa upole kama simu ina homa.

Mzee Majira hakucheka. Alieleza shida yake yote, kisha akaongeza kwamba anajua binti ni mtu wa kampuni, na majibu ya kampuni anayajua.

"Hebu nifikirie mimi nafaidika wapi, mzee," binti alisema. "Simu ikiharibika ndani ya waranti, wewe hulipi. Ukiiruti ikafa, waranti wanaweza kuikataa, na hapo matengenezo yote unalipa wewe. Kituo chetu kinapata zaidi. Kama ningekuwa mtu wa tumbo langu, ningekwambia kairuti leo leo."

Mzee Majira alikaa na maneno hayo. Aliyageuza kama alivyoigeuza simu, akitafuta skrubu. Hakuiona.

Binti hakusema kwamba kuruti ni dhambi. Alisema wapo watu wanaofanya, na wengine wanafanya kwa sababu za maana. Mtu ana simu ya zamani, waranti imekwisha, kiwanda hakiipelekei tena masasisho, naye anataka kuitumia miaka miwili mitatu zaidi. Anajua anachofanya, na simu ikifa hapotezi kitu kikubwa. Huyo ana haki ya kujaribu.

"Sasa tazama hii ya kwenu," alisema. "Ni mpya na waranti yake haijaguswa. Ili kulivunja lile kufuli, simu nyingi hujifuta zote kwanza. Picha, namba za watu, kila kitu. Kazi ikikwama katikati, simu inaweza isiwake tena kabisa. Na baada ya hapo masasisho ya usalama mara nyingi hayaingii vizuri, kwa hiyo matundu yanabaki wazi. Halafu ule ufunguo mkuu, mzee, hauchagui mkono. Programu mbaya ikiupata, nayo inaingia chumba cha nyuma."

"Nikigundua nimekosea, nitalirudisha kufuli," Mzee Majira alisema.

"Simu nyingine zinakubali. Nyingine zina alama ndani kabisa. Ukilifungua lile kufuli, alama inakatika, na haiungiki tena. Sisi tukiipima tu, tunaiona."

Mama Mikanda aliinua mkono wake, akautazama ukucha wa kidole gumba uliopakwa rangi nyekundu. Mumewe aliona.

"Tone," alisema mzee, kwa sauti ya chini.

Binti hakuelewa. Mama Mikanda akamweleza habari ya rangi ya kucha na mteja wa suti. Binti akasema ni kitu kile kile. Simu ni ya mwenye kuinunua, anaweza hata kuitupa mtoni. Ahadi ni ya walioifunga.

"Nani kakwambia habari ya mto?" Mzee Majira aliuliza, shaka ikiruka tena.

"Sijaambiwa na mtu, baba. Kwani mto una nini?"

Mkewe aliangalia dari.

Kisha binti aliuliza swali ambalo wanaume wawili kibandani hawakuliuliza. Aliuliza simu hii inafanya kazi gani. Mama Mikanda akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha kidude.

Sura ya binti ikabadilika. Alisema programu nyingi za benki na baadhi za afya huikagua simu kwanza. Zikikuta kufuli limevunjwa, hukataa kufunguka, kwa sababu haziwezi kuamini tena kilichomo. Hakuwa na hakika kuhusu programu ya kidude hiki.

"Kwa hiyo msiniamini," alisema. "Mpigieni muuguzi. Kisha mwombeni huyo rafiki yenu awape simu yake iliyokwisha kurutiwa. Iwekeeni programu hii, muone kama itafunguka."

Hilo lilimpendeza Mzee Majira kuliko yote. Maishani mwake watu wote walimtaka aamini. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia asiamini.

Jumamosi asubuhi alimpigia muuguzi. Muuguzi alisema ndivyo anavyojua, programu haikubali simu ya namna hiyo, nao waliagizwa kuwaonya wagonjwa. Mzee Majira alishukuru, akakata, akanong'ona kwamba huenda hata muuguzi kaambiwa aseme hivyo. Akaenda kwa Kapasita.

Kapasita alitoa simu yake bila wasiwasi. Alisema programu gani hiyo isiyofunguka kwake? Yeye ndiye mwenye ufunguo mkuu. Wakaipakua kutoka kwenye duka la programu lile lile, jina lile lile. Kapasita akaigusa. Kioo kikawa cheupe. Kisha maneno yakatokea: *Programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye simu hii.*

Akajaribu tena. Akaizima simu, akaiwasha. Akapuliza sehemu ya chaji, jambo ambalo halikuhusiana kabisa. Maneno yalikuwa yale yale.

"Kumbe," Kapasita alisema.

"Na benki?" Mzee Majira aliuliza.

Kapasita alikuna kichwa. Alisema ya benki nayo ilikataa siku nyingi. Zipo njia za kuificha simu ijifanye haijarutiwa. Alizijaribu, zikafanya kazi wiki moja, zikafa. Kwa hiyo benki yeye huenda kupanga foleni.

"Miaka yote unaniambia unapenda kupunga hewa ya mjini."

"Hewa ni nzuri pia," Kapasita alisema, na wote wawili wakacheka. Lakini Mzee Majira aliacha kucheka mapema. Alikuwa anamfikiria mkewe, simu iliyofutwa mkononi, kidude mkononi kinazungumza na hakuna anayesikia. Walikuwa wameshapatana. Ingekuwa jioni ile ile.

Binti wa ghorofa ya tatu alipita kibandani alipotoka kazini. Saa za ukutani zilimpokea kila moja na wakati wake. Kapasita naye akavuta stuli, akasema amekuja kuona kazi za wenye sare.

"Kufuli tumeliacha," Mzee Majira alimwambia. "Lakini msikilizaji bado yumo. Nataka umtoe."

Binti alisema wataanza na wageni. Akaingia kwenye mipangilio, akaufungua mchezo wa peremende. Haikuwepo sehemu ya kuufuta, lakini ilikuwepo ya kuuzima. Akamwachia Mzee Majira abonyeze mwenyewe. Mchezo ukatoweka kwenye kioo. Bado umo ndani, binti alisema, unakula nafasi kidogo, ila umelala na hauwezi kufanya kitu. Wakalizima duka. Wakazizima habari za watu wasiowajua.

Kisha wakaenda kwenye ruhusa. Binti alieleza kwamba kila programu inayotaka kusikia, kuona au kujua mtu alipo, lazima iombe ruhusa. Simu inaweka kumbukumbu ya walioomba na kukubaliwa. Akagusa neno *Maikrofoni*.

Majina yalikuwa machache. Ya kupigia simu, hiyo inaeleweka. Ya kutuma ujumbe wa sauti, sawa. Chini yake kulikuwa na jina *Saa ya Dhahabu*.

"Hii ni nini?" binti aliuliza.

Kapasita akasogeza stuli, akachungulia. 

Mama Mikanda alijua, na alimtazama mumewe. Jioni ile ile simu ilipofika, ilipokataa kufunguka, Mzee Majira alitafuta cha kujifariji. Akaipata programu ya saa. Ilikuwa nzuri ajabu. Kwenye kioo kizima yalizunguka magurudumu ya dhahabu yenye meno, springi ilipumua, na kila kitu kilionekana kana kwamba mfuniko umeondolewa. Aliitazama mpaka chai ikapoa. Mwanzoni iliuliza maswali kadhaa, akabonyeza *Kubali*, *Kubali*, *Kubali*, maana magurudumu yalikuwa yanamngoja.

"Saa," alisema sasa. "Ni saa."

"Saa inataka maikrofoni ya nini?" binti aliuliza.

Mzee Majira alivaa kioo cha jichoni, bila sababu, akakivua. Maisha yake yote alifungua saa. Hakuwahi kukuta moja yenye sikio.

Waliangalia zaidi. Saa ile ilikuwa na ruhusa ya kusikia, ya kujua mahali walipo, na ya kusoma majina ya watu wao. Binti alisema hawezi kuapa kwamba iliwasikiliza jikoni. Hana ushahidi huo, na asingependa kuwatisha. Matangazo mengi hutokana na yale mtu anayoyaandika anapotafuta kitu kwenye intaneti. Je, kuna aliyetafuta magodoro?

Mama Mikanda alikohoa. Alisema yeye alitafuta magodoro.

Na majani ya kisukari?

Sasa ikawa zamu ya Mzee Majira kukohoa. Usiku ule aliporudi kutoka hospitali alikuwa ameogopa. Aliandika maswali mengi, kwenye simu ya zamani, kwa akaunti ile ile waliyoihamishia hapa. Alitaka tu kujua kama kuna dawa ya kummaliza huyu mdudu.

Mama Mikanda aliweka kitoboleo chini. "Hukuniambia," alisema.

"Ningekwambia nini? Hakuna dawa hiyo."

"Hakuna," binti alisema, "na tangazo lile ni la uongo. Insulini isiachwe hata siku moja kwa sababu ya chupa ya kijani. Mkiwa na swali, muulizeni daktari wenu."

Mzee Majira aliichukua simu. Akashikilia ile saa ya dhahabu kwa kidole, akayatazama magurudumu kwa mara ya mwisho. Simu ikamwuliza kama anataka kuifuta. Safari hii alilisoma swali lote, neno kwa neno, midomo ikicheza. Ndipo akabonyeza.

Kapasita alisema hakuona mtu akifukuza jasusi kwa huzuni kiasi hicho.

Siku zikaenda. Matangazo hayakwisha, lakini yalipungua, na Mzee Majira aliacha kunong'ona. Taulo lilirudi bafuni. Programu mpya ikiomba ruhusa, aliita kwa sauti, "Unataka sikio la nini?" na mara nyingi akabonyeza *Kataa*. Masasisho yalipokuja aliyapokea, akinung'unika kwamba hajaonyeshwa kilichomo. Shaka yake haikufa. Ilipata tu kazi ya kufanya.

Kisha ikaja alasiri moja yenye wateja wengi. Mzee Majira alikuwa ameinamia saa ya kike ndogo kama punje ya mahindi. Mama Mikanda alikuwa anatoboa mkanda. Ghafla kati ya saa zote zile, kilicholia kilikuwa simu. Ililia kwa sauti kali isiyofanana na kengele yoyote ya ukutani.

Mzee Majira aligeuka. Mkewe alikuwa bado anatoboa, kichwa chini. Matundu manne yalisimama mstari mmoja. La tano lilikuwa limekwenda pembeni.

Hakumwuliza kitu. Chupa ya maji ya sukari ilikuwa mezani, mahali pake, kama muuguzi alivyofundisha. Mkewe bado aliweza kumeza, kwa hiyo Mzee Majira akaiweka mikononi mwake na kumsimamia mpaka akanywa. Simu ikalia tena, lakini sasa ilikuwa muuguzi anapiga, ameona namba na anauliza kama mama ameshapewa kitu. Mzee Majira alisema ndiyo, anakunywa. Muuguzi akabaki kwenye laini. Kapasita alisimama mlangoni akiwazuia wateja.

Polepole jasho likakauka. Mama Mikanda akamwona mumewe, akamfahamu. Akautazama mkanda ulioharibika.

"Nimetoboa chujio," alisema.

Mzee Majira alijaribu kucheka, ikatoka sauti nyingine. Muuguzi akaagiza mama apime tena baada ya muda mfupi, ale kitu, na kesho wafike kliniki waangalie kipimo cha insulini.

Wateja walipoondoka, Mzee Majira alifungua droo, akatoa chupa ya rangi ya kucha. Akaigeuza simu. Akatafuta pale mgongo unapokutana na ubavu, mahali alipopitisha ukucha siku ya kwanza akitafuta mlango. Akatia tone moja jekundu.

"Unamwekea nani hiyo?" mkewe aliuliza. "Kapasita ameshakoma."

"Mimi," Mzee Majira alisema, akalipulizia tone likauke.